Lovedy Trembath, Aitwaye Pia Crabb

Uhunzi wa Trembath,
Lanwarne, Cornwall,
Uingereza.
Tarehe 18 Juni, 1816.

Mpendwa mwanangu Hannibal,

Nakusalimu kwa sauti kubwa, maana salamu ndogo ingezama baharini kabla haijafika Halifax. U hali gani huko? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha, au bado kinakuamsha? Unakula vizuri? Kila jioni ninapokaa mezani natazama kiti chako na kujiuliza kama huko ugenini kuna mtu anayejua kukanda unga wa pai.

Sisi huku tu wazima. Mama yako mdogo Thomasine ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Mimi mgongo haujaniuma tangu nilipomtoa fahali wa Bwana Rosewarne shimoni kwa mikono yangu. Mtu akikwambia tulikuwa wanne siku ile, mjibu kwamba wale watatu walikuwa wameshika mkia.

Kiangazi hakijaja. Tuko katikati ya Juni na mvua inanyesha kama ya Novemba. Watu wanakuja uhunzini kuota moto, wakisingizia viatu vya farasi. Jana alikuja mtu ambaye hana hata punda.

Sasa tuingie kwenye jambo. Najua mama yako mdogo alikuandikia mwezi uliopita bila kuniuliza, akakwambia kwamba matangazo ya ndoa ya dada yako yamekatazwa kanisani mbele ya parokia nzima. Barua ile niliiona ikitoka, imelowa machozi mpaka wino umetambaa. Kama imekufikia, pumua. Lovedy ameolewa. Ameolewa mchana kweupe, kwa jina lake, na hakuna hakimu kuanzia hapa mpaka London awezaye kuitikisa ndoa hiyo. Wiki yote hii nimelala kama gogo. Lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana mwenyewe nilikuwepo, na bila mimi ungesikia habari nyingine.

Petherick Hocking unamfahamu, yule mtoto wa mwenye kinu, ambaye hata Jumapili ana unga masikioni. Alikuja kwangu kumposa Lovedy kwa sababu kwa baba yako wa kambo alishafukuzwa na mbwa. Mimi nikamwambia, "Kijana, mimi ni mdogo wa marehemu baba yake. Baraka ninazo, na ni nyingi, lakini mbele ya sheria baraka zangu hazina hata uzito wa msumari." Binti ana miaka kumi na tisa. Angekuwa na ishirini na moja, angeenda kanisani mwenyewe akiimba.

Petherick akasema, "Basi baba mdogo, tukimbilie Scotland. Kule hawaulizi miaka wala mzazi, watu wanaoana mbele ya mtu yeyote."

"Kutoka Cornwall mpaka Scotland?" nikamwambia. "Tena na yule farasi wako? Mtafika Lovedy ameshatimiza ishirini na moja, mrudi muoane hapa hapa."

Kungoja nako kulikuwa hakuwezekani. Obadiah Crabb, huyo baba yako wa kambo, alikuwa ameshatamka kwamba kabla ya mavuno atampeleka Lovedy Devon kwa dada yake, akaolewe huko na mpwa wake Jabez. Huyo Jabez nimemwona. Ni mtu wa kuangalia meno ya farasi kabla hajakusalimu. Na sababu ya yote ni lile konde la mtoni ambalo marehemu kaka yangu alimwachia Lovedy: wewe ukapata zana, yeye akapata konde. Mwanamke akishaolewa, mali yake inakwenda naye kwa mumewe. Obadiah amechunga ng'ombe wake pale miaka yote kama vile nyasi zinamjua kwa jina. Hakutaka ziingie kwa Hocking. Alitaka zizunguke zirudi kwa Crabb.

Leseni ya askofu ingehitaji mlezi wa kisheria au mzazi wa kuiridhia. Kwa hiyo ikabaki njia ya kawaida ya watu wa kawaida: kutangazwa kanisani Jumapili tatu, na mzazi asipokataza, basi. Tukaenda kwa kasisi wetu mpya, Bwana Tolliver. Mtu mpole, mwembamba, ana macho ya mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Akauliza majina. Mke wa karani akamwambia, "Petherick Hocking na Lovedy Crabb," maana hivyo ndivyo Lanwarne nzima inavyomwita dada yako. Na kasisi akaandika hivyo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wewe unakumbuka siku ile mama yenu alipohamia kwa Obadiah. Alisimama mlangoni akasema kila anayelala chini ya paa lake ataitwa Crabb, hata paka. Wewe ulikuwa na miaka kumi, ukabeba viatu vyako ukaja kulala kwangu juu ya magunia ya makaa, ukabaki Trembath. Lovedy alikuwa mdogo, hajui hata kufunga kamba ya kofia. Akaitwa Crabb, akakua Crabb, na watu wakasahau kwamba lile jina alivikwa tu.

Basi Jumapili ya kwanza kasisi akasoma, "Natangaza ndoa kati ya Petherick Hocking na Lovedy Crabb." Kabla hajameza mate, Obadiah akasimama kwenye benchi la mbele, tumbo kwanza.

"Nakataza! Mimi baba yake nakataza!"

Mimi nilikuwa juu, kwenye roshani, pamoja na waimbaji. Unajua sauti yangu. Nilisema neno moja tu, "Mwongo!" na kunguru wote wa mnarani wakahama, mpaka leo wako Bodmin na hawataki kurudi. Lakini kasisi alikuwa ameshafunga kitabu. Lovedy alikuwa ameshikilia benchi kwa mikono miwili. Mama yako alikuwa anatazama glavu zake.

Kesho yake Obadiah akaja uhunzini. Alimleta farasi ambaye viatu vyake vyote vizima. Alikuja kunicheka.

"Digory," akasema, "mmejikwaa wenyewe. Msome Crabb, basi mimi ndiye baba, na nakataza. Msome Trembath, basi mmemsoma mtu ambaye parokia hii haimjui. Hiyo ni ndoa ya kujificha, na ndoa ya kujificha ni hewa. Watoto wao wataitwa nini? Wataitwa wana wa hewa!"

"Wewe sheria umesomea wapi, Obadiah? Zizini?"

"Binamu yangu anafagia ofisi ya wakili."

"Kumbe! Basi mwambie akifagia tena aangalie kama masikio yako hayapo chini ya meza, maana nilivyokwambia umtoe huyu farasi hapa hukusikia."

Akacheka, akaondoka. Nami nilicheka mpaka alipokata kona. Alipokata kona nikakaa juu ya fuawe, nikaacha moto uzime. Mwanangu, yule mtu hakuwa amekosea. Kasisi mwenyewe jioni ile alikuja akaniambia maneno hayo hayo, ila kwa upole: akimsoma kwa jina ambalo watu hawalijui, na ikaonekana imefanywa kwa makusudi, ndoa inaweza kuvunjwa hata baada ya watoto wanne. Nilimfikiria dada yako ana watoto wanne na siku moja anaambiwa hajawahi kuolewa.

Alfajiri nikapanda farasi nikaenda Bodmin kwa wakili Bwana Spargo. Jike lake la farasi hakuna mtu mwingine anayeweza kumvisha viatu. Huwang'ata wahunzi wote wa wilaya, lakini mimi nikimnong'oneza analegea kama mkate uliotoka jikoni. Mpaka jenerali mmoja aliyetoka vita vya Waterloo aliwahi kunitaka nimfuate na jeshi lake, nikamwambia nina watu wa kuwaangalia Lanwarne. Basi Bwana Spargo akasimama karibu, mimi nimeinua mguu wa nyuma wa mnyama wake, nikamweleza yote tangu mwanzo.

Akauliza, "Jina alilobatizwa ni lipi?"

"Lovedy Trembath. Lovedy ni jina la mama yangu. Binti wa kwanza wa nyumba yetu huitwa kwa bibi yake, tangu tulipoanza kuhesabu mabibi."

"Na jina analojulikana?"

"Crabb, kwa bahati mbaya."

"Basi asomwe kwa yote mawili," akasema. "Tangazo kazi yake ni kuwajulisha watu nani anaolewa. Lovedy Trembath, aitwaye pia Lovedy Crabb. Hapo atakayesema hakumjua atakuwa amelala kanisani."

Nikaachia mguu wa farasi. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa amevaa koti zuri. Kisha akainua kidole.

"Baba wa kambo si baba. Hana haki ya kukataza hata akipanda juu ya altare. Lakini mama anayo. Mzazi mmoja tu akisimama akakataza wazi, tangazo limekufa, na binti atangoja miaka yake itimie. Bwana Trembath, huyo mama yuko upande gani?"

Nilirudi kutoka Bodmin nikiliona swali hilo linatembea mbele ya farasi njia nzima.

Maana mama yako unamjua. Jenifer tuliyemjua sisi, aliyekuwa akimtania marehemu kaka yangu mpaka anaangusha nyundo, yule hatujamwona tangu aingie nyumba ile. Obadiah hampigi, hilo nalisema ili usije ukapanda meli ya kwanza. Anamjibia. Ukimuuliza mama yako kama hajambo, Obadiah anasema hajambo. Ukimuuliza kama anataka chai, Obadiah anasema ameshiba. Na wanaume wa hapa wanamsifu, wanasema mume na mke mbele ya sheria ni mtu mmoja. Ni kweli, ni mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni Obadiah.

Siku ya soko nikamkuta anauza siagi. Nikasogea kama mnunuzi, nikamwambia polepole, "Shemeji, Jumapili kasisi anaanza upya. Atasoma majina yote mawili. Obadiah atasimama. Kasisi atakugeukia wewe."

Akaipiga siagi kwa kibao chake cha mbao, akaigeuza.

"Shemeji, umenisikia?"

"Siagi ya leo ni nzuri, Digory," akasema. "Mpelekee Thomasine." Na akamgeukia mteja mwingine.

Nilimpelekea Thomasine siagi. Thomasine akalia, na hapo ndipo alipokuandikia ile barua yake. Mimi sikulia, ila siku hizo nilivunja mpini wa nyundo mara mbili.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa mpaka wale Wamethodisti ambao huwa wanapita nje wakiinua pua waliingia. Petherick alikuwa amepauka, na safari hii haukuwa unga. Lovedy alivaa kofia ya utepe wa kijani. Obadiah alikaa mbele na mama yako kando yake, upande wa ukuta, kama kawaida.

Kasisi akafungua kitabu. Akasoma yote: "Petherick Hocking, mkaazi wa parokia hii, na Lovedy Trembath, aitwaye pia Lovedy Crabb, wa parokia hii. Kama yupo anayejua sababu..."

Hakumaliza. Obadiah alikuwa wima.

"Mimi na mke wangu tunakataza!"

Kasisi akavua miwani. Akasema, "Bwana Crabb, wewe si mzazi wake. Naomba ukae. Nitamsikia mama."

"Ameshasema. Mimi ndiye mdomo wake."

"Nitamsikia mama," kasisi akarudia. Sikutegemea mtu mwembamba namna ile awe na mfupa mgumu namna ile. "Mama Crabb, wewe ndiwe mzazi wa binti huyu. Unakataza?"

Nilitaka kupiga kelele nimsaidie. Nilijiziba mdomo na kofia yangu mwenyewe.

Mama yako akasimama. Alisimama polepole, kwa kushika ukuta.

Obadiah akamnong'oneza, lakini hata sisi wa roshani tulimsikia. "Jenifer. Kaa."

"Nimekaa, Obadiah," akasema. "Nimekaa miaka kumi na minne."

Kisha akamtazama kasisi, akasema kwa sauti ile ya zamani, ile iliyokuwa ikivuka ua mpaka uhunzini kutuita chakula: "Huyu ni binti wa Nicholas Trembath. Nilimzaa mimi, na jina Lovedy nilimpa mimi nikiwa bado kitandani. Yule anayemtaka ni kijana mwema. Sikatazi. Soma, baba kasisi, na Jumapili ijayo usome tena."

Nyuma kabisa yule mzee Zacky Rowse, ambaye ni kiziwi, akauliza kwa nguvu, "Amesema nini?" Kanisa zima likamjibu kwa pamoja, "HAKATAZI!" Hata Wamethodisti.

Obadiah akachukua kofia yake akatoka. Nilimwona akisimama mlangoni akimngoja mama yako amfuate. Mama yako akaketi, akafungua kitabu cha nyimbo. Hasomi, unajua, lakini alikifungua.

Jumapili mbili zilizobaki zikapita bila hata mtu kupiga chafya. Harusi ikawa Jumatatu ya wiki iliyopita. Shetani alijaribu mara ya mwisho: farasi wa gari la bwana harusi aling'oa kiatu darajani, na sheria inasema saa sita ya mchana ikishagonga hakuna ndoa tena siku hiyo. Nilimvisha kiatu kipya huku anatembea. Ndiyo, anatembea. Petherick atakwambia alisimama kidogo, lakini Petherick siku ile hakuwa na akili zake.

Konde limeshaingia kwa Hocking. Petherick, kwa kuombwa na Lovedy, ameruhusu ng'ombe wa Obadiah wale pale mpaka mavuno, ili nyumba ile itulie. Nimepita kumwona mama yako mara mbili, nyundo nikiwa nayo mkononi kwa bahati tu. Obadiah ananuna. Lakini mara ya pili nilimuuliza shemeji hajambo, na Obadiah akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mama yako akajibu mwenyewe kwamba hajambo, ila goti linamsumbua. Nilifurahi kusikia habari za goti lile kama vile nimeambiwa vita vimekwisha.

Wameshaanza kugombania majina ya watoto ambao hawapo. Mvulana wa kwanza ataitwa Zephaniah kwa babu yake wa kinu, desturi ni desturi. Wa pili ataitwa Nicholas. Nimewaambia wa tatu anaweza kuwa Digory, na wakichelewa nitaanza kumwita hivyo mbwa wao.

Jambo moja zaidi, halafu nikuache. Baada ya kiapo tuliingia sakristia kutia sahihi. Lovedy alishika kalamu akaandika taratibu, ulimi nje: Lovedy Trembath. Ndiyo mara ya kwanza kuliandika maishani mwake, na ndiyo ya mwisho, maana alipoinua kalamu alikuwa ameshakuwa Mama Hocking. Alilitazama mpaka wino ukakauka. Kisha ikawa zamu ya mama yako kama shahidi. Akaweka alama yake ya msalaba, na kasisi akamuuliza kwa heshima aandike jina gani kando yake, kwa kuwa yeye pia aliwahi kuwa Trembath.

Mama yako akasema, "Andika Crabb. Mimi nilichagua. Yeye hakuchagua."

Hannibal, nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, nikawaambia watu macho yangu yameumwa na moshi wa mishumaa.

Mama yako mdogo Thomasine anakusalimu na anaomba uichome ile barua yake. Dada yako na shemeji yako Petherick wanakusalimu. Mzee Zacky Rowse anakusalimu, nadhani; nilimuuliza akanijibu kwamba mvua itaendelea. Mama yako anakusalimu sana. Amesema ukiandika, uandike kwa jina lake, siyo kwa kupitia kwa mtu, na Lovedy atamsomea.

Mungu akutie joto katika nchi hiyo ya barafu, akupe kazi ya mikono na mtu wa kugombana naye mezani.

Ni mimi, damu ya baba yako, nikupendaye kuliko wahunzi wote wa Cornwall wanavyoweza kupenda,

Digory Trembath